Kusafirisha Gari Dogo la Zamani kwa Tela Katika Barabara za Dodoma

Gari dogo la zamani, liwe Volkswagen Beetle, Mini, Morris Minor au Fiat 500, hubebwa kwa tela kwa sababu moja kati ya mbili: ama halitembei kabisa, ama linatembea lakini mwenyewe hataki lifike likiwa limechakaa zaidi ya lilivyoondoka. Katika ukanda wa kati wa Tanzania, ambako gari la namna hii bado linaweza kukutwa limeegeshwa chini ya mkwaju nyuma ya nyumba ya mtumishi mstaafu au katika karakana iliyofungwa siku nyingi, safari ya kwanza baada ya kununuliwa mara nyingi huwa ya kubebwa.

Wengi huichukulia kazi hii kwa wepesi kwa kuwa gari lenyewe ni jepesi. Wepesi huo ndio wa kuangaliwa. Tela lililowekewa springi za mzigo mzito hulirusharusha gari la kilo 700 kwenye kila tuta, na bodi iliyoliwa na kutu haiwezi kushikilia mkanda kama bodi ya gari jipya. Kwa hiyo yako mambo mawili ambayo mwongozo huu unayasisitiza kuliko mengine yote: uzito ukae mahali pake, na gari lifungwe kwa magurudumu yake, si kwa bodi.

Gari lipimwe kabla ya kutafuta tela

Nenda kalione gari ukiwa na tepu ya kupimia, pampu ya upepo, jeki na nyundo. Beetle ya kawaida ina urefu wa takriban mita 4.1, upana wa mita 1.54, na uzito wa kati ya kilo 730 na 850 kulingana na mwaka iliyotengenezwa. Mini ya asili, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, ina urefu wa mita 3.05 na upana wa mita 1.41, na matoleo yake ya mwanzo hayafiki kilo 700. Morris Minor ina urefu wa mita 3.76 na uzito usiopungua sana kilo 750, wakati Fiat 500 iliyoanza mwaka 1957 haifiki hata mita 3 na ina kilo 500 hivi. Hizo ni namba za gari tupu. Gari lililokaa shambani huwa limegeuzwa ghala, kwa hiyo angalia kama kiti cha nyuma hakina injini ya spea, giaboksi au magunia, na uviondoe vyote uvipakie kwenye pikapu.

Kipimo kinachosahauliwa ni umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Tela nyingi za kubebea magari zina njia mbili za chuma zenye uwazi katikati, na zimetengenezwa kwa ajili ya magari mapana ya leo. Katika Mini umbali huo ni takriban mita 1.2 tu, na magurudumu ya matoleo yake ya mwanzo ni ya inchi 10, kwa hiyo linaweza kukanyaga ukingoni na kutumbukia kwenye uwazi. Likiwa hivyo, tafuta tela lenye sakafu nzima, au mbao ngumu za kuziba katikati ambazo zitafungwa kwa bolti, wala si kulazwa tu.

Kabla ya kuingiza mkono popote, bisha hodi kwa fimbo ndefu. Nyuki hupenda kukaa ndani ya milango na chini ya boneti, na nyoka hupenda kivuli cha chini ya gari lisilosogezwa. Ukimaliza na wenyeji hao, jaza tairi upepo. Hata tairi lililopasukapasuka likishika upepo kwa saa moja linatosha kupanda kwenye tela. Lisiposhika kabisa, azima magurudumu yanayoingiana, kwa sababu kuvuta gari juu ya rimu tupu huongeza sana nguvu inayotakiwa na huharibu rimu yenyewe. Gurudumu lililogoma kuzunguka huwa limeshikwa na kiatu cha breki kilichoganda kwenye ngoma: gongagonga ngoma pembeni kwa nyundo, au legeza marekebisho ya breki.

Betri iondolewe. Katika Beetle betri imekaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na hapo ndipo sakafu huoza kwanza kwa sababu ya tindikali. Kiti hicho kina springi za chuma ambazo zikishuka na kugusa ncha za betri kwenye matuta huweza kuwasha moto, jambo ambalo mafundi wa Volkswagen wanalijua vizuri na wanunuzi wapya hawalijui. Petroli iliyokaa miaka inyonywe yote. Vifuniko vya magurudumu, antena, vioo vya pembeni vilivyolegea na mapambo ya kubandikwa vitolewe na kufungwa katika mfuko mmoja, kwani kifuniko cha Beetle kikidondokea vichakani baada ya Gairo hakuna atakayekirudisha.

Kuhusu karatasi, beba kadi ya gari na mkataba wa mauziano. Gari lisilo na namba za usajili zinazosomeka litaulizwa njiani, na ni vizuri jibu liwe mkononi kuliko mdomoni. Barua ya mtendaji wa kijiji lilikotoka husaidia pia.

Tela na gari la kulivuta

Tela la kukodi katika mji wa Dodoma linaweza kuwa la kiwandani au la kuchomelewa mtaani juu ya ekseli ya pikapu kuukuu. La mtaani si lazima liwe baya, lakini lichunguzwe kwa makini zaidi. Inama utazame mahali ambapo mkono wa mbele umeungana na fremu: ufa mwembamba wenye mstari wa kutu pembeni mwa maungio ni sababu ya kutosha ya kukataa tela hata kama mwenyewe anaapa. Inua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe na ulitikise juu na chini. Likinguruma au likicheza, beringi zimekwisha. Tairi za tela huzeeka kwa jua kabla ya kwisha kwa kutembea, kwa hiyo kina cha kashata, yaani mikato ya usoni mwa tairi, kisikudanganye. Tazama mipasuko ya ubavuni. Tairi la akiba la tela lenyewe ni lazima, maana la gari linalovuta mara nyingi haliingiani nalo.

Suala la breki lina maoni tofauti mtaani. Katika nchi nyingi za Ulaya tela ambalo uzito wake wa juu unazidi kilo 750 lazima liwe na breki zake, na hata pale ambapo hakuna anayekuuliza, hesabu ni ileile: tela la kilo 500 likibeba Beetle la kilo 800 ni kilo 1,300 zinazokusukuma mgongoni unaposhuka mlima. Mimi nisingelivuta bila breki kwa umbali unaozidi kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Gari la kuvuta nalo liwe zito kuliko tela lenye mzigo. Hilux, Prado au Land Cruiser zinafaa, lakini gari dogo la familia halifai hata kama injini yake ina nguvu, kwa sababu kinachohitajika ni uzito wa kulituliza tela, si mbio.

Kichwa cha duara cha chuma kilicho nyuma ya gari na mdomo wa tela unaokikalia ni lazima viwe vya kipimo kimoja. Cha kawaida ni milimita 50, lakini tela zilizotoka Marekani huja na vipimo vya inchi, na mdomo mkubwa kuliko kichwa hukaa vizuri mkiwa mmesimama kisha hujinyanyua kwenye tuta. Baada ya kufunga, inua mkono wa tela kwa gurudumu lake dogo la mbele: ikiwa nyuma ya pikapu nayo inanyanyuka, umeshika. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ya mdomo kwa kupishana, ili tela likichomoka lidakwe kabla halijagusa lami. Washa taa zote na mtu asimame nyuma kuzitazama, kwa kuwa indiketa ya tela isiyowaka huwadanganya madereva wa mabasi ambao hawawezi kuiona ya pikapu.

Kupandisha

Tela lisipandishiwe kitu likiwa halijafungwa kwenye gari la kuvuta. Uzito ukifika nyuma ya ekseli, mkono wa mbele huruka juu, na aliyesimama karibu hupigwa kidevuni. Chagua mahali tambarare na pagumu, weka kabari kwenye magurudumu ya gari la kuvuta, na upachike mihimili miwili chini ya ncha ya nyuma ya tela ili isizame.

Vipandio virefu ni bora kuliko vifupi. Sakafu ya tela ikiwa na kimo cha sentimita 60, kipandio cha mita 2 huleta mwinuko wa nyuzi 17 hivi, na cha mita 2.5 huushusha hadi nyuzi 14. Tofauti hiyo ndiyo huamua kama bampa na bomba la moshi vitakwaruza. Vijijini wako wanaochimba mteremko kidogo na kurudisha tela nyuma hadi sakafu ikaribiane na ardhi, na hiyo ni njia nzuri kuliko watu kumi kuliinua gari kwa mikono, ambapo kila mmoja hushika penye kutu na kuondoka na kipande.

Gari livutwe kwa winchi ya mkono, si kwa kuliendesha, hata kama injini inawaka. Gari la zamani lenye klachi chakavu hupanda kwa kishindo na breki zake haziaminiki. Mtu mmoja akae kwenye usukani kunyoosha magurudumu, mwingine azungushe winchi, na wa tatu atembee ubavuni akiwa na kabari, si nyuma ya gari, akiisogeza kila gari linapopanda kidogo. Juu ya kebo ya winchi tandika gunia zito au blanketi. Ikikatika, gunia litaivuta chini badala ya kuiacha ipige watu kama mjeledi. Hakuna anayeruhusiwa kuiruka kebo ikiwa imekaza.

Kuuweka uzito mahali pake

Hapa ndipo kazi inapoharibikiwa mara nyingi, na hapa ndipo inapofaa kupoteza nusu saa bila kulalamika. Tela ambalo uzito wake umelalia nyuma ya ekseli hunyanyua mdomo, huipunguzia pikapu mshiko wa magurudumu ya nyuma, na likishafika mwendo fulani huanza kucheza mkia, kwanza polepole, kisha kwa mapigo yanayoongezeka hadi pikapu yenyewe inapelekwa. Tela ambalo uzito umezidi mbele nalo huizamisha pikapu kwa nyuma na kuufanya usukani uwe mwepesi. Kinachotakiwa ni mdomo wa tela kubeba kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa tela na mzigo wake, ilimradi usipite kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya gari la kuvuta. Kwa kilo 1,300 tulizozitaja, hiyo ni kati ya kilo 65 na 130.

Kuupima si vigumu. Katika mkoa wa Dodoma mizani ya kupimia magunia haiko mbali. Kila ghala la mahindi linayo, na pale Kibaigwa ndiyo shughuli ya mji. Tela likiwa tambarare na kabari zikiwa kwenye magurudumu yake, fungua mdomo wake kutoka kwenye pikapu ukiwa umeshikiliwa na jeki, weka mizani chini yake na kipande cha mbao kilichosimama juu ya mizani kwa kimo kilekile cha kichwa cha duara, kisha ushushe mdomo juu ya mbao polepole. Namba utakayoisoma ndiyo uzito wa mdomo.

Ukiwa mdogo, livute gari mbele. Kwenye tela ambalo kutoka mdomoni hadi katikati ya ekseli ni mita 3.5, kulisogeza gari la kilo 800 mbele kwa sentimita 10 huongeza karibu kilo 23 mdomoni, kwa hiyo huhitaji kulisogeza sana. Mahali pakishapatikana, chora alama kwa rangi sakafuni kwenye magurudumu, ili safari nyingine ya gari hilohilo isianze upya.

Magari haya hayafanani. Mini na Morris Minor zina injini mbele, na zikipandishwa pua ikitangulia uzito huangukia karibu na panapotakiwa. Beetle na Fiat 500 zina injini nyuma, na zikipandishwa pua mbele kwenye tela fupi uzito mkubwa hubaki mkiani hata gari lifike mwisho wa sakafu. Dawa yake ni kuzipandisha kwa kinyumenyume. Ila ukifanya hivyo kumbuka kwamba milango yenye bawaba upande wa mbele sasa itapokea upepo kutoka upande wa kitasa, na kitasa kilicholegea kitafunguka. Funga milango kwa ufunguo au kwa kamba inayopita ndani kutoka mlango hadi mlango, na vioo vidogo vya pembetatu uvifunge. Beetle ikipanda pua mbele shaka inahamia kwenye kifuniko cha mbele, ambacho hufungukia upande wa pua. Kifungwe kwa mkanda mdogo juu ya kitambaa laini.

Kufunga

Tumia mikanda minne ya racheti, mmoja kwa kila gurudumu, na kila mkanda uwe na lebo inayosomeka ya uwezo wake. Kamba ya katani au ya nailoni, hata ikizungushwa mara ngapi, haifai: hulegea njiani, na fundo haliwezi kukazwa tena njiani bila kufunguliwa lote.

Sababu ya kufunga magurudumu ni kwamba gari linaachwa licheze juu ya springi zake huku tairi zimebana sakafu. Ukifunga bodi, kwanza itakubidi uikandamize hadi springi zilale, na kwenye kila tuta springi hizo zitataka kuinuka na kuuvuta mkanda. Pili, unaamini chuma ambacho hujui kimebaki na unene gani chini ya rangi. Bampa, bomba la moshi na vyuma vya usukani visifungwe chochote. Kwa Beetle, mihimili miwili ya ekseli ya mbele ni imara na inaweza kuzungushiwa mkanda mlaini, ila bomba la breki hupita hapohapo. Mkanda ukilibana, gari litafika salama kisha likose breki siku ya kwanza litakapowashwa.

Mkanda wa gurudumu upite juu ya tairi, ushuke mbele na nyuma yake, na uvutwe kwenye pete ya sakafu. Mikanda miwili ya mbele ivute kuelekea mbele na miwili ya nyuma ivute kuelekea nyuma, ili gari libaki limeshikwa pande zote. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, mbele kisha nyuma, kushoto kisha kulia. Mkanda ulioviringika mara moja kabla ya racheti hautetemi sana kwenye upepo, lakini uliokunjamana ndani ya racheti hukatika. Popote unapogusa ncha ya chuma, weka kipande cha mpira wa tairi. Ncha zinazoning'inia zifungwe. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu, weka gia ya kwanza, vuta breki ya mkono kama inafanya kazi, na iache kebo ya winchi ikiwa imeshika bila kuibebesha kazi ya kulizuia gari.

Turubai nashauri liachwe nyumbani. Wenye magari hulipenda kwa sababu ya vumbi, lakini vumbi la Dodoma huingia chini yake vilevile, na turubai likipigwa na upepo huisugua rangi kama msasa kwa safari nzima. Gari lililofika na vumbi huoshwa kwa maji.

Njiani

Simama baada ya kilomita 10 hivi. Mikanda mipya hujinyoosha, tairi hujikalia, na karibu kila mara utapata nusu zamu ya kukaza. Kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro hadi Dodoma ni takriban kilomita 450, na vijiji vyenye matuta ni vingi. Baada ya kila msururu wa matuta, kagua tena. Katika kila kituo gusa kikombe, yaani sehemu ya katikati, cha kila gurudumu la tela kwa mgongo wa mkono: vuguvugu ni sawa, lakini kile ambacho huwezi kukigusa kina beringi inayoungua au breki iliyokwama.

Kwenye vijiji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na kwenye lami iliyo wazi kilomita 70 zinatosha. Panda tuta moja kwa moja, si kwa kukingama, kwa sababu tuta likikanyagwa na gurudumu moja kwanza tela hupinda na mkanda mmoja hubeba kazi ya minne. Miezi ya kiangazi ina upepo mkali wa ubavuni kwenye nyanda za Chamwino na Bahi, na malori ya masafa yanayokwenda Singida na kuendelea hadi Rwanda na Burundi husukuma hewa yanapokupita. Tela likianza kucheza mkia, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani bila kuuzungusha huku na huku, na usikanyage breki kwa nguvu. Mwendo ukishuka litatulia. Kisha egesha na upime uzito upya, maana halikuanza kwa bahati mbaya.

Milima ya njia hizi ni ya kuiheshimu: Saranda baina ya Kintinku na Manyoni, Nyang'oro kwa anayekwenda Iringa kupitia Mtera, Sekenke kwa anayepita Singida. Shuka kwa gia ndogo tangu juu. Mbuzi na ng'ombe huvuka barabara jioni wakirudi zizini, na mwenye tela hawezi kusimama ghafla, kwa hiyo panga kufika kabla ya machweo.

Kuhusu mizani ya barabarani, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inayahusu magari yenye uzito wa kuanzia kilo 3,500. Pikapu ya tani mbili, tela la kilo 1,300 na abiria watatu wenye mizigo mmefika hapo, kwa hiyo mkifika kituo kama cha Nala ingieni tu.

Wakati wa kushusha, winchi ndiyo ikazwe kwanza na mikanda ifunguliwe baadaye, ya upande wa winchi ikitangulia na ya upande wa vipandio ikiwa ya mwisho. Tela libaki limefungwa kwenye pikapu hadi gurudumu la mwisho liguse chini. Mikanda ioshwe mchanga kwa maji matupu, ianikwe kivulini na kuhifadhiwa ndani, kwa kuwa jua huila nyuzi zake mapema kuliko mzigo. Wenye sehemu iliyokatika ukingoni utupwe, usifungwe fundo.